Kimraba kwenye kichupa cha chanjo, tuonesheni na sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, mie mwalimu mstaafu wa kemia hapa Wete. Juzi nimempeleka mjukuu wangu chanjo maana mama yake anaumwa na homa, tumekaa kwenye benchi mpaka zamu yetu ikafika nikamwomba nesi anioneshe kichupa kabla hajamtia mtoto matone, basi kanitazama kama nimemtukana, "Babu, unataka kusoma nini hapo?" Simlaumu, foleni ilikuwa ndefu. Ila mzee mmoja nyuma yangu kasema kwa sauti kubwa eti ile alama iliyo kwenye kichupa ni nembo ya kampuni. Hapo ndo nikaona bora niandike.

Si nembo ile, ni alama ya kutuonesha kama chanjo imepigwa na joto mpaka ikaharibika. Ni kiduara cha rangi ya zambarau na ndani yake kimraba cheupe-cheupe, na hicho kimraba kina fuwele ndogo ndogo za kitu kinaitwa diasetileni. Mjerumani mmoja, Gerhard Wegner, alieleza mwaka 1969 vitu hivi vinafanya nini. Hebu fikiria safu msikitini, watu bega kwa bega, alafu wote washikane mikono bila ya mtu kuhama pale aliposimama, ndo molekuli zake zilivo, zimepangana ndani ya fuwele kwa umbali mdogo mno usioonekana kwa jicho, kama nusu nanomita, na zikipata joto zinaungana moja baada ya moja mpaka safu inakuwa mnyororo mrefu, yaani polima, na zilipokuwa moja moja hazina rangi lakini mnyororo una rangi, ndo kimraba kinazidi kukoza. Ukiziyeyusha haziungani hivo, safu imeshavunjika. Nilipokuwa nasomesha wanafunzi walikuwa hawaniamini, kwao kemia ni maji na kukoroga, vipi kitu kikavu kigumu kijipike chenyewe!

Joto likiwa kali zinaungana mbio, likiwa dogo pole pole, ila kurudi nyuma hakuna. Karafuu ukishaianika kwenye jamvi ikageuka rangi, hata uitie kwenye friji hairudi kuwa mbichi. Kwa hiyo kichupa kikikaa kwenye joto pale gatini Mkoani, alafu mtu akakirudisha kwenye barafu haraka haraka asionekane, kimraba kimeshaandika. Matone ya polio ndo yalianza kuwekewa alama hii mwaka 1996, na ndo yanayoharibika upesi, kimraba chao kinafika mwisho, yaani kinafanana rangi na duara, kwa siku 2 tu kwenye nyuzi 37, zipo chanjo nyengine zinakwenda mpaka siku 30.

Kusoma kwake rahisi. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara na tarehe haijapita, dawa itumike, kikishafanana na duara au kikawa cheusi zaidi, itupwe. (Chanjo ikiganda kimraba hakisemi kitu, na zipo zinazoharibika kwa kuganda, hiyo ina kipimo chake mbali.)

Ombi langu, Mhariri, tuchapishieni picha ya kimraba kinavobadilika, kwa rangi, ukurasa mzima kama mnavotoa matangazo ya boti, watu waikate waibandike nyumbani, na manesi wetu wazoee kuulizwa.

Yule nesi mwisho alinionesha. Kilikuwa cheupe, mtoto katiwa matone yake mawili kakunja uso basi, tukarudi zetu.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba