Paka mgeni asitupwe mbele ya mwenyeji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wafugaji wenzangu wasimweke paka mtoto mbele ya paka mzee siku ya kwanza, kama nilivyofanya mimi hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Paka wetu wa miaka 9 alifoka, manyoya yakamsimama mgongoni, akapanda juu ya kabati na kugoma kula hadi kesho yake. Niliumia sana, kwani kosa lilikuwa langu.

Paka humtambua mwenzake kwa harufu zaidi kuliko sura. Kwa hiyo nilimhamishia mdogo katika chumba cha peke yake, chenye bakuli na sanduku lake la mchanga, nikawa nawabadilishia vitambaa walivyolalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Dagaa wao niliwawekea pande mbili za mlango uliofungwa, nikivisogeza visahani karibu kidogo kila siku. Baada ya wiki mbili niliufungua mlango upana wa vidole viwili. Mzee akanusa pua ya mdogo, akafoka mara moja, kisha akarudia dagaa wake.

Wapo wasemao waachwe wapigane hadi wazoeane. Sikubaliani nao hata kidogo, maana paka aliyeumizwa siku ya kwanza huweza kuishi na hofu hiyo kwa muda mrefu. Aidha, kabla hawajakutana, mgeni apelekwe kwa daktari wa mifugo akaguliwe minyoo na viroboto, na apangiwe chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Zanzibar