Kikopo cha halua kinachokuja na basi

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa watoto na kwa mama mkwe wako. Sisi huku wazima, ila joto limetukaba. Ni maleleji, upepo umelala hata pwani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ulivyomwiga yule samaki wako, beta dume, anavyozunguka kulinda watoto. Mara ya pili nikasikitika, uliposema wote wamekwisha siku ya tano na maji yamegeuka kama tui. Nikwambie kweli? Kilichowaua ni kile kiini cha yai ulichowalisha. Watoto wa beta wakishaanza kuogelea wenyewe, kama siku tatu baada ya kuanguliwa, hawatambui chakula kisichotikisika. Jicho lao linafuata kinachocheza. Yai linashuka chini, linaoza, na maji yanakuwa sumu wao wakiwa bado na njaa.

Ndiyo maana nakuletea kikopo hiki. Usikifungue mbele ya mama mkwe.

Ndani mna uji wa oti uliochacha, na ndani ya uji mna minyoo maelfu. Wataalamu huwaita Panagrellus redivivus. Mimi nawaita minyoo wa uji. Mmoja ana urefu wa milimita 1 au 2 na ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo usihangaike kumtafuta mmoja mmoja. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni, utazame juu ya uji. Utaona uso wote unameremeta na kusogea, kama maji ya mkondo usiku wa mbalamwezi. Pembeni, juu ya uji, wanapanda ukuta wa kikopo kwa makundi na kuchora michirizi kama mizizi ya mkoko. Hao waliopanda ndio wa kuvuna, maana wameuacha uji chini. Pitisha kidole kilicholowa, kisuuze kwenye kikombe cha maji, kisha watilie samaki kwa tone.

Lakini harufu, shoga yangu! Uji una hamira, na hamira haikai bure. Kikopo changu cha kwanza nilikiweka kwenye kidaka cha ukumbini, ukuta mnene wa mawe, kibaridi, nikajiona nina akili. Siku ya sita bibi akamaliza kuswali alasiri, akasimama katikati ya ukumbi, akanusa, akasema polepole: "Nyumba hii leo imeingia tembo la mnazi." Wanaume wote wa nyumba wakahojiwa. Mdogo wangu, maskini, hata mgema hamjui anakaa wapi, akaambiwa asogee apumue. Ikabidi nilete kikopo nikifunue. Bibi akatazama yale yanayotambaa, akasema afadhali lingekuwa tembo. Tangu siku hiyo minyoo wangu wanakaa chini ya ngazi, karibu na mtungi.

Kuanzisha kikopo kingine ni kazi ndogo. Pika uji mzito wa oti, au hata lowesha mkate mkavu uuponde, utandaze unene wa kidole kimoja. Uache upoe kabisa, maana mimi niliwahi kuharakisha nikawapika. Nyunyiza hamira chembe tu, kisha tia kijiko kimoja cha uji wa zamani. Toboa kifuniko na ukifunike kwa kitambaa chepesi, la sivyo vile vinzi vya maembe vitataga humo na utafuga funza badala ya minyoo. Siku ya tatu au ya nne wataanza kupanda.

Wenye nchi za baridi husema kikopo kimoja kinakaa mwezi. Sisi hatuna bahati hiyo. Kwangu, ikifika wiki ya pili uji unakuwa majimaji, rangi inageuka kahawia, na harufu ya tembo inakuwa ya ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukifika hapo umechelewa. Mimi naanzisha kipya kila Ijumaa asubuhi na sikai na kikopo kimoja peke yake. Niliwahi kukaa na kimoja, nikaenda arusi Pate siku nne, niliporudi nilikuta uji mweusi umekufa. Ilibidi niombe mbegu upya Mombasa, nao wakanicheka.

Kulisha: kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Katika maji matamu minyoo wanaishi kama siku moja tu, kisha wanakufa na kuoza, na tunarudi kwenye hadithi ya yai. Tia kiasi cha ncha ya kijiti, subiri, tazama matumbo ya vifaranga kwa tochi. Tumbo likiwa jeupe na limevimba kidogo, acha. Najua mkono wako, shoga, wewe hata wageni huwalazimisha sahani ya tatu. Samaki usiwafanyie hivyo.

Tena minyoo wa uji wanazama, na watoto wa beta siku za mwanzo hukaa juu. Kwa hao nina minyoo wa siki, nitakuletea nikija. Nusu siki ya tufaha, nusu maji, kipande cha tufaha, wanazaana humo miezi na miezi bila kukudai kitu. Kuwatoa ndiko kunakonifurahisha: unajaza chupa yenye shingo ndefu mpaka chini ya shingo, unasokota pamba mpaka iguse siki, unatia maji safi juu yake. Wanatafuta hewa, wanapenya pamba, na kesho yake wamejaa kwenye maji safi. Hao wanaogelea siku kadhaa hawafi.

Kuna mtu atakushauri ufuge minyoo weupe, wale wakubwa wanaosifiwa sana. Mimi nilisikiliza. Wanataka baridi, nyuzi 20 kushuka chini. Nililipa, wakafika, siku ya tatu nikafunua nikakuta utelezi unaonuka. Hapa kwetu wanaofaa ni binamu zao, grindali, karibu sentimita 1, wanavumilia joto la nyumba. Na kitanda chao tunacho bure: vumbi la makumbi, lisuuze vizuri, likamue mpaka lisidondoke maji. Juu weka punje mbili tatu za chakula cha paka zilizoloweshwa, ufunike kwa kipande cha kioo. (Chakula cha paka, Lamu! Wale wa sokoni wangenisikia wangeandamana.) Asubuhi ukiinua kioo umewapata wameshikamana chini yake. Utitiri ukiingia, jaza maji, utaelea, umwage. Sisimizi nao, weka boksi juu ya sahani ya maji kama tunavyofanya kwa sukari. Grindali wana mafuta mengi, wape wazazi kabla ya kutaga, si kila siku.

Umeuliza kuhusu wale wekundu wa mtaroni. Hapana. Wanaishi kwenye uchafu wetu na wataingia nao tangini. Wala usiache ndoo ya maji uani upate viluwiluwi, ukikosa siku moja kuwachuja umewafugia majirani mbu wa dengue. Nakumbuka birika la nyumba ya zamani ya bibi: samaki wadogo humo, na chini sahani ya kaure imezamishwa, ili maji yakipungua wabaki na dimbwi lao. Hakuna aliyewalisha. Mbu walitaga, samaki wakala, sisi tukaoga. Siku hizi birika ni kavu, tunaweka masufuria humo, na mimi nakaa chini ya ngazi nawapikia minyoo uji.

Haya, kikopo kitavuka na boti asubuhi mpaka Mokowe, kisha basi. Nimemwambia kondakta ni dawa, asiweke juani wala karibu na injini. Ukikipokea, kipumzishe kivulini, na jioni hiyohiyo gawa vikopo viwili. Oti utanunua, hamira ninayo imani unayo.

Kikopo chenyewe nirudishie, ni cha bibi, na ameshaanza kukiulizia. Na ukipata mtu anayekwenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, mwombe achote chupa ya yale maji yenye vidudu vyekundu, artemia. Nataka nione kama nitaweza kuwafikisha hapa wakiwa hai.

Ni mimi shogayo