Barua ya wazi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa: mchujo wa ugavana huharibikia kwenye sajili

Kwa Msajili wa Vyama vya Siasa,
Nairobi.

Mheshimiwa Msajili,

KUH: SAJILI ZA WANACHAMA NA MCHUJO WA UGAVANA WA 2027

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Lakini katika kaunti nyingi gavana atakuwa amejulikana miezi kadhaa kabla ya hapo, siku ya mchujo, yaani kura ya kuchagua mgombea, wa chama kinachotamba eneo hilo. Mwezi wa Agosti mpiga kura atapewa karatasi ya ugavana ya rangi ya samawati, katika kituo kisichozidi watu 700, na matokeo yataandikwa kwenye Fomu 37A na kubandikwa hapo hapo kituoni. Siku ya mchujo ulinzi huo haupo, ila ule ambao chama chenyewe kitapenda kuuweka.

Tunakuandikia mapema kwa sababu kasoro inayovuruga mchujo haianzii kwenye sanduku la kura. Inaanzia kwenye sajili ya wanachama, na sajili hiyo inapitia ofisini kwako.

Tarehe 21 Aprili 2017 chama cha Jubilee kilianza mchujo wake. Mwenye kitambulisho cha taifa aliruhusiwa kupiga kura, awe mwanachama au la. Siku hiyo hiyo chama kikaufuta, kikisema waliojitokeza walizidi makadirio na karatasi hazikutosha. Haingewezekana zitoshe. Bila sajili, anayeagiza karatasi anabahatisha, na akibahatisha kidogo watu wanarudi nyumbani bila kupiga kura. Akibahatisha nyingi, zinazobaki zinatafuta mwenyewe usiku.

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2022 yalijaribu kuziba pengo hilo: wapigao kura ya mchujo wawe wanachama waliomo kwenye sajili iliyoidhinishwa na ofisi yako. Ni hatua kubwa, nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Ila orodha ikiishia kwenye wadi haimsaidii karani. Wadi moja ina vituo vingi. Karani aliye na orodha ya wadi nzima hawezi kujua kama aliyesimama mbele yake amekwisha kupiga kura kituo cha pili, na foleni ikirefuka anaiweka orodha kando na kuangalia kitambulisho tu. Hapo tumerudi 2017.

Tunachoomba kwanza, basi, ni sajili iliyogawanywa kwa kituo, yenye jina, nambari ya kitambulisho na nafasi ya karani kutia alama. Karatasi zichapishwe kwa idadi hiyo, zikiwa na nambari za mfululizo. Tuseme kituo kimepokea 600. Zimetumika 412, zimeharibika 7, zimebaki 181: jumla ni 600 na hesabu imekaa. Halafu majina yaliyotiwa alama kwenye sajili yahesabiwe. Yakiwa 380 badala ya 412, kuna karatasi 32 zilizoingia sandukuni bila mtu, na wakala yeyote wa mgombea anaweza kuliona hilo kabla ya kutia sahihi. Hesabu hii haitaki mtambo. Inataka karani, wakala na taa ya kutosha, kwa sababu kura nyingi huhesabiwa giza likiwa limeingia.

Ugavana ndio unaoumia zaidi. Mchujo wa mwakilishi wadi ukiharibika, umeharibika katika wadi moja. Kura ya ugavana ni ya kaunti nzima: Nakuru, kwa mfano, ina maeneo bunge 11 na wadi 55. Wadi tano zikikosa karatasi, jumla ya kaunti nzima inatiliwa shaka, na anayeongoza kwa kura chache hana njia ya kuonyesha kwamba angeshinda hata huko.

Sajili yenyewe nayo isafishwe. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Majina ya namna hiyo yakibaki, yanakuwa kura za mtu mwingine: mwenyewe hatakuja mchujoni, na aliye na nambari ya kitambulisho chake anajua hatakuja. Tunaomba kila aliyesajiliwa atumiwe ujumbe wa simu unaotaja chama na kituo chake, na namna ya kujiondoa, angalau miezi miwili kabla ya mchujo.

Kuna pia tatizo la lugha ambalo linazua ugomvi bure. Sheria inaposema uteuzi wa moja kwa moja, maana yake ni kwamba wanachama wenyewe wanapiga kura. Mtaani, tiketi ya moja kwa moja ni ile anayokabidhiwa mtu bila kura kupigwa. Chama kikitangaza "moja kwa moja," kila mmoja anasikia lake. Ilani itamke wazi: wanachama wote watapiga kura, au wajumbe wachache wa chama ndio watakaoamua.

La mwisho ni kalenda. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kumaliza mchujo kufikia tarehe 22 Aprili, na anayetaka kuwa mgombea huru alipaswa kuwa nje ya chama miezi mitatu kabla ya uchaguzi, yaani kufikia tarehe 9 Mei. Siku 17. Ndani ya siku hizo aliyeshindwa anatakiwa aonyeshe amejaribu kamati ya rufaa ya chama kabla ya kwenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Kamati ikinyamaza wiki mbili, karibu imemnyima njia zote mbili: ya Jopo na ya kuwa mgombea huru. Na njia ya mgombea huru si ya kudharauliwa: kaunti za Laikipia na Isiolo zilichagua magavana huru 2017, Meru ikafanya hivyo 2022.

Kwa hiyo, kabla hujaidhinisha sajili ya chama chochote kwa mchujo wa 2027, tunaomba udai kutoka kwao mambo matatu kwa maandishi: orodha iliyogawanywa kwa kituo, idadi ya karatasi zitakazochapishwa kwa kila kituo, na ahadi kwamba kamati ya rufaa itatoa uamuzi wenye sababu ndani ya saa 72. Nakala zibandikwe katika ofisi zako za kaunti, siku saba kabla ya kura.

Wako,
Sisi makarani na mawakala wa mchujo