Semeni pia habari ya jasho

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila nikisoma habari ya mkimbiaji mwenye mguu wa bandia nakutana na machozi na "licha ya". Nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na nakimbia masafa marefu. Semeni na mengine.

Semeni habari ya jasho. Kigutu hakipumui ndani ya soksi ya silikoni inayovaliwa kabla ya mguu wa bandia. Kilomita ya nane hivi mguu unaanza kucheza, fyok, fyok, kama kiatu kilichoingia maji. Hapo sina ujanja: nakaa pembeni, nauvua, namwaga jasho, nafuta kigutu kwa kitaulo, navaa tena. Nikipuuza, ngozi inachubuka na wiki nzima natembelea magongo.

Zamani nilijificha nyuma ya mti kufanya hivyo. Na suruali ndefu, hata jua likiwaka! Siku moja malengelenge yalinizidi, nikauvua mguu palepale mbele za watu. Mtoto mmoja akauliza, "Unauma?" Nikamwambia, "Leo, ndiyo." Akaenda zake kucheza. Tangu siku hiyo navaa kaptura.

Terry Fox wa Kanada, mkimbiaji mwenye mguu wa bandia, naye alivaa kaptura mwaka 1980, alipokimbia siku 143 kabla hii miguu ya kaboni iliyopinda haijaingia sokoni. Sijui angesemaje kuhusu "licha ya".

Nanyi waandaaji wa mbio, pale penye maji tuwekeeni kiti. Kimoja tu.

Mkimbiaji, msomaji wenu