Kliniki ya sukari ituangalie na fizi

Mheshimiwa Mhariri,

Kipupwe kimeingia na hapa Chake Chake nyumba nyingi zina mtu anayekohoa. Barazani mazungumzo ni tangawizi, ndimu na mvuke wa mchaichai. Sina ugomvi na tangawizi. Ninalouliza ni hili: kwa nini virusi hivyo hivyo humlaza mmoja siku mbili tu akarudi kazini, na mwengine vikamfikisha kwenye oksijeni?

Umri na maradhi ya kifua tunavitaja. Unene hatuutaji, kwa sababu huku kwetu mtu akinenepa baada ya harusi huambiwa ndoa imemkubali. Lakini tangu mafua ya nguruwe ya mwaka 2009, madaktari wa nchi mbalimbali waliona watu wanene wakizidiwa zaidi kuliko wengine. Korona ikaja kuliweka wazi zaidi jambo hilo: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2020 ulionesha kuwa mwenye kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, akiambukizwa, uwezekano wake wa kulazwa ni zaidi ya mara mbili, na wa kufa hupanda kwa karibu nusu. Tumbo kubwa husukuma juu msuli wa kupumulia, mapafu yakakosa pa kutanukia, khasa mtu akilala chali. Na mafuta yenyewe hutoa kemikali zinazoufanya mwili uwe vitani kila siku, kama mlinzi aliyekesha wiki nzima. Mwizi wa kweli akija, ama amechoka, ama anapiga ovyo hata wenye nyumba. Hata chanjo hupungua nguvu. Utafiti wa North Carolina, Marekani, uliotoka 2017, ulikuta watu wanene waliochanjwa mafua wakiugua mara mbili ya wenye uzito wa kawaida waliochanjwa vile vile.

Fizi ndizo tunazozidharau kabisa. Mtu anatema damu kila akipiga mswaki, anasema ni joto la mwili. Ukweli ni kuwa ukoga ukikaa chini ya fizi, fizi huachana na jino na kufanya vifuko vilivyojaa bakteria. Bakteria hao huweza kuvutwa na mate mpaka mapafuni, na kemikali za uvimbe, zinazouweka mwili vitani kama zile za mafuta, huingia kwenye damu. Qatar walichunguza wagonjwa 568 wa korona na matokeo yakatoka 2021: wenye ugonjwa wa fizi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingizwa chumba cha mahututi, kuwekewa mashine ya kupumulia na kufa. Kwa vifo, tofauti ilikaribia mara tisa. Nawaomba wasomaji wasiibebe tarakimu hiyo kichwa kichwa. Waliozidiwa katika utafiti ule walikuwa 40 tu, na ingawa watafiti walijaribu kuondoa athari za umri, sigara na maradhi mengine, kuonekana pamoja si kusababishana. Hata hivyo fizi mbovu zinatibika, na kuzitibu hakumdhuru mtu.

Vitu hivi viwili hukutania kwenye sukari. Unene huleta kisukari, kisukari huharibu fizi, na fizi mbovu huipandisha sukari ikawa ngumu kushuka. Sasa nenda kliniki ya sukari, kama ninavyompeleka mama yangu. Atapimwa uzito na presha, atatobolewa kidole, pengine ataangaliwa miguu. Sijaona hata mara moja akiambiwa afungue kinywa. Kwa daktari wa meno nako hakuna mzani: ganzi, koleo, jino nje, mwengine aingie.

Wapo watakaosema sisi tuna mswaki wa mti, na ni sunna. Kweli, na tuushike. Lakini ukoga ulioganda hautoki kwa mswaki wowote, wa mti wala wa dukani. Lazima ukwanguliwe kwa vifaa. Na mvuta sigara asijipongeze kuwa fizi zake hazitoki damu, kwani sigara huificha dalili hiyo huku ugonjwa ukiendelea chini.

Ninachoomba si mashine za mamilioni. Wahudumu wa Jamii ni Afya, mpango wa afya wa majumbani hapa Zanzibar, tayari wanabisha hodi kwetu na simu zao mkononi, wanawauliza wajawazito na mama wa watoto wachanga maswali chungu nzima. Waongeze moja: fizi zako zinatoka damu? Muuguzi wa kliniki ya sukari naye aulize hivyo hivyo, amulike kwa tochi, na akiona fizi nyekundu zilizovimba amwandikie mgonjwa aende kwa daktari wa meno. Na daktari wa meno akikuta fizi zimeoza kwa kijana mnene, ampeleke akapimwe sukari kabla hajashika koleo.

Wizara ya Afya ituambie basi: hapa Pemba ni vituo vingapi vyenye vifaa vya kukwangua ukoga, na mgonjwa wa sukari anaweza kupata huduma hiyo bila ya kusubiri jino limuume?

Wako,
Msomaji, Chake Chake, Pemba