Mikutano ya Kamukunji itangazwe mapema, tena kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari za mtaani kwetu: zinavyotufikia na zinavyotupita. Eneo bunge la Kamukunji lina wadi 5, yaani Pumwani, Eastleigh Kaskazini, Eastleigh Kusini, Airbase na California. Ukitoka Shauri Moyo kwa miguu, ukapitia Majengo hadi ndani ya Eastleigh, utasikia Kiswahili, Kikamba, Kiluo, Kikuyu, Kimeru, Kisomali, Kioromo na Kiamhari kabla hujachoka. Kila jamii ina shughuli zake na matangazo yake. Kuna harambee za karo, mechi za vijana za Jumapili, matanga, harusi, sala za Idi, kambi za matibabu ya bure, fomu za basari. Kasoro ni kwamba tangazo la upande huu wa barabara halivuki kwenda upande wa pili, na yale ya serikali, yanayotuhusu sote, ndiyo yanayofichika zaidi.

Msikitini tangazo husomwa baada ya sala ya Ijumaa. Kanisani husomwa Jumapili kabla watu hawajatawanyika. Wenye maduka katika majumba ya biashara ya Eastleigh wana makundi yao ya WhatsApp, wachuuzi wa mitumba wa Gikomba wana yao, na waliotoka kijiji kimoja mashambani wana chama chao cha kusaidiana kwenye msiba. Mambo hayo yote ni mema na yasivunjwe. Lakini mpangaji aliyehamia mtaa wetu wa Biafra mwezi jana kutoka Busia, asiye na jamaa hapa, hayumo katika hata kundi moja. Mama mboga mwenye simu ya kubonyeza hayumo. Wazee wanaoketi nje ya nyumba za Majengo, wanaoijua historia ya mtaa kuliko ofisi yoyote, huletewa habari mambo yakiwa yamekwisha.

Si muda mrefu uliopita uliitishwa mkutano karibu na kwetu wa kukusanya maoni kuhusu ukarabati wa mtaro. Tangazo lilikuwa karatasi moja ya Kiingereza iliyogandishwa kwenye mlango wa ofisi, na mkutano wenyewe ulikuwa asubuhi ya siku ya kazi. Waliohudhuria walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wamepigiwa simu na watu wanaofahamiana nao. Mitaro ilipoanza kuchimbwa na njia ya kuingilia vibandani ikafungwa, kina mama walienda kulalamika. Jibu walilopewa ni kwamba wananchi waliitwa watoe maoni wakakataa kuja. Jambo hilo liliniuma sana. Hao ni watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, na hakuna hata mmoja wao aliyekataa kuja popote. Hawakuambiwa.

Katiba ya mwaka 2010 iko wazi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinahesabu ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka wananchi wapewe habari kwa wakati ufaao. Wala haiwezekani kusema kwamba mikutano hii huzuka ghafla. Makadirio ya bajeti ya kaunti sharti yafike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na waraka wa mwelekeo wa matumizi kabla ya tarehe 28 Februari. Tarehe hizo hazibadiliki. Anayejua mwezi wa Januari kwamba atahitaji maoni yetu kabla Februari haijaisha ana nafasi ya kutosha kuandika mistari kumi kwa Kiswahili na kuibandika mahali watu wanapopita.

Nawasikia wanaosema kwamba watu wa mitaa hii hawajali mikutano. Hawajui tulikotoka. Ng'ambo ya Barabara ya Jogoo kuna Ukumbi wa Kaloleni. Tarehe 23 Aprili 1950 ulifanyika humo mkutano mkubwa wa Waafrika na Wahindi pamoja, na Makhan Singh, Msikh mzaliwa wa Punjab na kiongozi wa wafanyakazi, akasimama kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Haukupita hata mwezi mmoja kabla hajakamatwa, yeye na mwenzake Fred Kubai. Uwanja wa Kamukunji nao uliitiwa watu tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, na kila Mkenya anajua kilichofuata. Watu wa upande huu wa jiji wamekuwa wakiitika mwito wa mikutano tangu zamani, hata mwito huo ulipokuwa na hatari ya kifungo. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba hajali mtaro unaopita mlangoni pake?

Hata leo tunajua kufikiana, hasa jambo likiwa ni la uhai. Mwaka 2018 virusi vya polio vilipogunduliwa katika majitaka ya Kamukunji, kampeni ya chanjo haikungoja watu waje wasome karatasi ofisini. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba, ploti kwa ploti, na kila mtoto aliyepata matone akatiwa alama ya wino kidoleni. Hapakuulizwa huyu ni wa kabila gani au anasali wapi. Wahudumu hao wa afya ya jamii wangali nasi, wanazijua kaya zao moja moja, na sisemi wabebeshwe mzigo mwingine juu ya ule walio nao. Nasema tu kwamba njia ya kumfikia kila mtu imekuwapo muda wote, na imeshatumika.

Wenzetu wa mitaa mingine wametutangulia. Vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka 2006 wakiwa na studio ndani ya kontena. Kibera wakapata Pamoja FM mwaka uliofuata, na ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, redio hiyo ilikuwa miongoni mwa sauti zilizohimiza amani, kwa sababu waliokuwa wakisikiliza walizijua sauti hizo kuwa ni za majirani zao. Sisi tuna Star FM inayowahudumia vizuri wasikilizaji wa Kisomali. Lakini chombo kimoja cha kutuunganisha, Majengo na Eastleigh, Gorofani na Kiambiu, hatuna.

Hapo ndipo ninapokuja kwako, Mhariri. Gazeti hufika kwetu upesi Gikomba ikiungua, na tunashukuru. Mwezi wa Aprili 2014, polisi walipofanya msako wa Usalama Watch na watu wakachukuliwa kutoka Eastleigh hadi uwanja wa Kasarani, kurasa zilijaa habari zetu. Ambaye hajawahi kukanyaga huku amesoma juu ya moto na misako kiasi kwamba anadhani hatuna jambo lingine. Hajasoma kwamba jioni za Ramadhani, foleni ya kununua kaimati na sambusa Majengo ina watu wa kila dini. Hajui kwamba mechi ya vijana ikikosa mpira, muuzaji miraa Mmeru na mwenye duka la nguo Msomali huchangia wote wawili. Mambo kama hayo hayahitaji ripota. Yanahitaji mistari mitatu: ni nini, ni wapi, ni lini.

Ninaomba robo ya ukurasa mara moja kwa wiki, iwe ya matangazo ya mitaa ya Nairobi kwa zamu, tukianza na sisi au na wengine, si neno. Jambo lenyewe si geni magazetini. Kenya Power hutangaza maeneo yatakayokatiwa umeme, siku gani na kuanzia saa ngapi, na watu huyasoma maelezo hayo kwa makini kuliko hotuba za wakubwa. Kwa mpango huohuo zingetoka tarehe za mikutano ya wadi, siku ya mwisho ya kurudisha fomu za basari, kambi za kuchangia damu, barabara itakayofungwa kwa sala ya Idi, na michezo ya watoto wakati wa likizo.

Kuna wenye wasiwasi, na hofu yao naiona ni ya haki. Nafasi kama hiyo inaweza kuvamiwa na wanaotafuta kura, au na matapeli wa harambee za uongo. Kwa hiyo tangazo lisipokelewe bila mtu wa kulithibitisha ambaye mtaa unamfahamu: imamu, mchungaji, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa soko au naibu chifu. Picha ya mwanasiasa isiwemo hata kidogo. Wapo pia watakaosema kwamba bibi wa Kioromo hasomi Kiswahili. Ni kweli, wengine hawasomi lugha yoyote. Lakini mjukuu wake husoma Kiswahili shuleni, na tangazo likiwa mkononi mwake nyanya atatafsiriwa papo hapo nyumbani. Karatasi ya Kiingereza cha sheria hata mimi hunipa kazi kuitafsiri, na nimesoma.

Kwa ofisi za wadi zetu ombi langu ni dogo zaidi. Tangazo la mkutano ujao litoke angalau wiki mbili kabla, na lisibaki mlangoni mwa ofisi pekee. Libandikwe soko la Burma, kwenye stendi za matatu za Eastleigh, na langoni mwa Hospitali ya Kina Mama ya Pumwani, ambako watu hukaa saa nyingi wakingoja wagonjwa wao. Nakala ipelekwe kila msikiti na kila kanisa isomwe Ijumaa na Jumapili. Na mkutano uwe alasiri au Jumamosi, saa ambayo mwenye kibanda anaweza kumwachia jirani na kuja.

Upande wetu, baadhi ya wakazi wa California na Majengo tumekubaliana kukusanya matangazo kila wiki, kuyathibitisha na kuyaandika kwa Kiswahili kifupi. Ukitupa jina la mtu wa kupokea kwenye dawati lako na siku ya mwisho ya kupokea, la kwanza litakufikia wiki hiyohiyo.

Mkazi wa California,
Kamukunji, Nairobi