Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini: machimbo ya mawe yaliyohamwa yasigeuzwe majaa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia nikiwa mwalimu wa jiografia hapa Unguja, kuhusu mashimo ya mawe na kokoto ambayo wachimbaji wamekwisha kuyahama, na ambayo sasa watu wanayajaza taka. Wizara yako inasimamia maji na madini kwa pamoja, na jambo hili linayagusa yote mawili.

Mawe tunayoyachimba ni miamba ya chokaa iliyotokana na matumbawe. Sehemu kubwa ya maweni yetu ilijengeka chini ya bahari kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Baadaye, katika zama za barafu, bahari ilishuka kwa takriban mita 120, na kwa kuwa mkondo unaotutenga na Bara hauna kina kikubwa, Unguja ikaungana na Mrima, yaani pwani ya Bara. Pemba, yenye mkondo wa kina cha mamia ya mita, haikuungana. Kwa kuungana huko na Bara, mifupa ya punda milia imefukuliwa hapa Unguja, katika Pango la Kuumbi, Jambiani.

Historia hiyo inaonekana wazi katika shimo lililo karibu na skuli ninayosomesha. Ukutani mwake yamo matumbawe ya mviringo yenye mikunjo, matawi yaliyovunjika na kulala ubavu, na makombe mazima yaliyoshikamana na jiwe, na juu kabisa udongo mwekundu wa kinongo umeteremka ndani ya nyufa. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi pale. Siku hizi siwapeleki, kwa sababu chini ya ukuta huo pamerundikana nepi, betri mbovu, matumbo ya kuku na mifuko ya plastiki.

Linalonitia hofu zaidi ni maji. Mvua huyeyusha chokaa pole pole na kufungua nyufa na mapango, kwa hiyo maji hupenya upesi bila kuchujwa ipasavyo. Maji matamu tunayoyapata visimani yamekaa juu ya maji ya chumvi, na mchimbaji anapoondoa udongo na mita kadhaa za jiwe, huyasogeza karibu zaidi na kila kinachomwagwa juu. Kisiwa chetu hakina mito mikubwa ya kukimbilia endapo visima vitaharibika.

Simlaumu anayechimba, mawe haya ndiyo yaliyotujenga. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, una kibla kilichonakshiwa kwa matumbawe, na kuta za Mji Mkongwe ni mawe yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa hapa hapa. Hata katika kisiwa cha Changuu palichimbwa mawe ya ujenzi, ingawa wageni wengi wanaokwenda kuwatazama makobe hupita bila kuelezwa habari hiyo.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, mashimo yote yaliyohamwa yaorodheshwe pamoja na umbali wake kutoka visima vya jirani, na orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za masheha ili wananchi waisome. Anayepewa kibali cha kuchimba atakiwe kurejesha udongo wa juu na kupanda miti kabla hajahama. Udongo huo urundikwe pembeni tangu siku ya kwanza, kwani ukishauzwa kama kifusi haurudi tena. Na pale ambapo ukuta wa jiwe umebaki imara na salama, uachwe wazi, usafishwe, na uwekwe kibao cha maelezo kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi.

Taka zilizokwisha kumwagwa ziondolewe kabla ya mvua za masika, na maji ya visima vilivyo karibu yapimwe kabla na baada ya mvua hizo, kisha majibu yasomwe hadharani katika shehia husika.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa jiografia, Unguja